Ngoma Tulizozifuata Isukha

Watu wengi wameniuliza tulikwenda kufanya nini Kakamega, na wengine wamejijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Hapa Pumwani ilivumishwa kwamba nimekwenda kwa mganga. Wengine walisema Zakayo, mpiga gitaa wangu, amenioa kwa siri na ananipeleka kwao nikaonekane. Nawaandikia mambo yalivyokuwa, hatua kwa hatua, ili wanaonisengenya angalau wasengenye kwa usahihi.

Mimi ni meneja wa bendi. Najua neno hilo likitajwa watu hutazama nyuma yangu kumtafuta mwanamume. Marehemu mume wangu aliniachia ukumbi wa dansi, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuuza soda na kufukuza walevi. Lakini ukikaa ndani ya muziki kila Jumamosi, masikio hujifunza yenyewe. Nilianza kusikia uzi wa gitaa uliolegea kabla mpigaji hajausikia, nikawa nawaambia. Walikasirika, kisha wakaanza kuniuliza. Uhuru ulipokuja, na kila kijana wa Nairobi akataka gitaa la umeme na suruali ya kubana, nilikuwa nimeshakusanya wanne wangu, Vijana wa Radi, wanaopiga roki na twisti. Tulipoitwa studio kutoa santuri, mimi ndiye niliyeketi mbele yao. Sauti ikiharibika nilikuwa nainua mkono na kusema, "Simameni!" nao wanarudi mwanzo. Siku hizi nasikia kazi hiyo inaitwa uprodyuza. Mimi niliifanya kabla sijajua ina jina.

Mpiga dramu wetu alikuwa Mutua, kijana wa Machakos, mwembamba, mwenye tabia ya kutoa ulimi nje wimbo ukikolea. Aliugua homa, kaka yake akamchukua kwenda naye nyumbani, na habari za kifo chake zilitukuta Nakuru tulikokwenda kupiga dansi. Alikuwa ameshazikwa. Tulirudi Nairobi na hakuna aliyelitaja jina lake tena. Si kwa ubaya. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza.

Tukajaribu wapiga dramu wengine. Mmoja alikuwa na mikono mizito, mwingine alikuwa na haraka ya kufika mwisho wa wimbo akanywe. Mwenye studio, Mwingereza aliyebaki nchini baada ya wenzake kufunga virago, akaniita ofisini.

"Bendi za kuiga nyimbo za ng'ambo ninazo tele," akasema. "Niletee kitu ambacho sijawahi kukisikia kabla mwezi huu haujaisha. La sivyo nafasi yenu nampa mwingine."

Nilipowaeleza vijana, wawili waliangalia chini. Zakayo alinifuata nje. Nilikuwa nimeshasikia kwamba bendi nyingine inamtaka, ila nilingoja aseme mwenyewe.

"Mama Zena," akasema, "kwetu Isukha, kule Kakamega, kuna ngoma. Twende ukasikie. Unase sauti zake, tuziweke chini ya magitaa. Tukizikosa, mimi nitajitafutia mahali pengine."

Basi hiyo ndiyo sababu ya safari. Bila ngoma hizo Zakayo angeondoka, na Zakayo akiondoka, Vijana wa Radi walikuwa wamekwisha.

Kutoka Nairobi tulipanda gari la moshi la Kisumu. Mwenye studio alituazima kinasa sauti cha betri, kizito kama gunia la mahindi, nami nilikifunga ndani ya blanketi nikakipakata. Bonde la Ufa lilipita dirishani, na Zakayo hakulitazama. Amezoea kuwa mchangamfu safarini, lakini safari ile alikula ndizi moja tu na kunijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Nilidhani ananionea haya kwa sababu ya ile bendi nyingine, nikamwacha.

Kisumu tulishuka kwenye joto la ziwa, tukachukua basi la kwenda Kakamega. Utingo alitaka kukipandisha kinasa sauti juu ya paa pamoja na kuku na vitanda.

"Hii sanduku ni ya nini, mama?"

"Ni mtoto wangu mgonjwa."

Alikitazama, akanitazama mimi, akaniacha. Basi lilipanda milima ya Maragoli, penye mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine utadhani yamewekwa kwa mkono, na mashamba madogo yaliyobanana kila upande. Baada ya Chavakali ardhi ikalainika. Tulipita Khayega, na Zakayo akanionyesha uwanja wanakopiganisha ng'ombe. Hayo ndiyo maneno marefu aliyoyasema siku ile.

Kakamega ilitupokea kwa mvua. Nimeambiwa hunyesha karibu kila alasiri, na wenyeji hawakimbii. Husimama barazani mwa maduka wakizungumza mpaka ikatike. Tulifikia mtaa wa Amalemba, kwa Rispa, dada yake Zakayo, muuguzi hospitalini. Nyumba yake ilikuwa ndogo na safi, picha ya bendera mpya ikiwa ukutani. Alikuwa amefikiria kila kitu. Kuku alichinjwa na jirani yake, muuza vitambaa kutoka Mumias, aliyepitia dirishani kunipa "Asalaam aleikum" ili nijue nyama ni halali.

Taabu ilikuja mezani. Kwao ukimpikia mgeni ingokho, yaani kuku, firigisi ni ya mgeni mkubwa wa kiume. Wanawake zamani hata kuku wenyewe hawakuwa wakila. Rispa alisimama na sahani mkononi, amekwama.

"Hii ni ya mgeni mkubwa," akasema. "Na mgeni mkubwa ni wewe. Lakini wanawake hawakulangi. Sasa nifanye aje?"

Zakayo akanyoosha mkono kumsaidia. Nikamwahi. Nilikula firigisi ile pamoja na obusuma, ugali wao wa wimbi, na Rispa alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Hata Zakayo alitabasamu.

Asubuhi iliyofuata tulipanda lori la mbao upande wa Shinyalu, tukashuka njia panda na kutembea. Msitu ulikuwa mkono wetu wa kushoto, mweusi na wenye unyevu, na kima wakirukaruka pembezoni. Zakayo alibeba kinasa sauti kichwani kama mama anayetoka kisimani. Baba yake mdogo, Shivachi, tulimkuta kwenye tanuri lake la matofali, miguu imejaa udongo hadi magotini. Ni mtu wa sauti kubwa na haraka nyingi, na ndiye kiongozi wa wapiga isukuti wa ukoo wao. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zimewambwa ngozi ya kenge. Wao huziita baba, mama na mtoto. Zilikuwa zimelazwa juani ili ngozi zikaze.

"Mulembe, mama, karibu," akasema akinawa mikono. "Zakayo anasema unataka ngoma. Sasa nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikajibu upesi.

"Kuna arusi?"

"Hapana."

"Kuna ng'ombe anaenda kupigana?"

"Hapana. Nataka mpige tu, ninase sauti. Ni ya santuri."

Shivachi alimtazama Zakayo, kisha akanitazama tena, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mama, hii ngoma haipigwangi bure. Mimi nikiimba, naitanga mtu. Kama hakuna mtu, nitaita nani? Nitaimba jina ya hiyo sanduku?"

Nilimweleza habari za studio na mwisho wa mwezi. Nilizungumza vizuri, kwa ile sauti ninayoitumia kwa wenye kumbi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema kuna ng'ombe wa jirani atakayepelekwa uwanja wa Khayega mwezi ujao. Ningoje, nitapata ngoma mpaka nichoke. Kisha akarudi kwenye matofali yake.

Nilikasirika. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na migomba, na Zakayo aliponifuata nikammwagia yote. Nikamwambia amenivuta maili zote hizo kuja kuulizwa nani amekufa. Nikamwambia aende kwenye bendi yake mpya, mlango uko wazi.

Alingoja nimalize.

"Mama Zena, kwa nini ulimwambia hakuna aliyekufa?"

Niligeuka nikamtazama mtoto wa watu.

"Wimbo ukifika mahali pa kubadilika," akasema, "mimi nilikuwa namtazama Mutua. Alikuwa ananipa ishara kwa kichwa. Bado nageuka. Kila mara nageuka, na aliyekaa pale ni mtu mwingine. Hiyo bendi nyingine siipendi. Nataka tu kwenda mahali ambapo sitageuka."

Tulilia pale nyuma ya migomba, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu Nakuru. Nililia vibaya, kwa sauti, na sikujali nani anasikia. Baadaye nilinawa uso, nikaenda tanurini kumwambia Shivachi kwamba yuko mtu.

Akatupa tofali chini. "Ulikuwa na maiti, na unaniambia hakuna?"

"Nilidhani haikuhusu."

"Haihusu!" Akaita wenzake wawili, tukakaa chini, akaanza kuuliza. Jina lake nani? Mutua. Wa nani? Hapo niliona aibu, kwa maana kijana nimekaa naye miaka na sikujua jina la baba yake. Zakayo alijua: Mutua wa Kioko. Alipenda nini? Maandazi ya moto, na kuwatania walinda mlango. Ameacha nani? Mama na kaka. Alikuwa anafanya kazi gani?

"Alikuwa mpiga ngoma," nikasema.

Wote watatu wakatazamana. Yule wa ngoma ndogo, mwanamume wa umri wangu ambaye hakuwa amesema lolote, akasimama na kwenda kuzigeuza ngoma upande wa pili ziendelee kupata jua.

"Ungesema hiyo kwanza," Shivachi akasema. "Kesho asubuhi tutamtoa nyumbani, tumsindikize."

Kesho yake kulipokucha boma lilikuwa limejaa. Wanawake walikuja kutoka nyumba za jirani, wamefunga viuno, wakiniambia pole kama mfiwa, nami nilipokea pole hizo nikijua sasa kwamba ni zangu. Niliweka kinasa sauti juu ya kiti, Zakayo akakaa kando yake, nikavaa visikizi masikioni. Kuna sindano ndogo kwenye mtambo inayoonyesha ukubwa wa sauti. Ikivuka mstari mwekundu, sauti imeharibika. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano hiyo.

Ngoma ndogo ilianza, ya kati ikaingia, kisha ile kubwa. Nimesikiliza wapiga ngoma maisha yangu yote, na sijui kueleza kilichotokea isipokuwa kwamba ardhi niliyoikanyaga ilitikisika na moyo wangu ukafuata. Mabega ya wanawake yalianza kucheza. Shivachi aliimba kwa Kisukha. Sikuelewa, lakini nilisikia Machakos, nikasikia Kioko, nikasikia maandazi, na watu wakaitikia. Alizunguka boma mara moja, akasimama, akainua uso na kuita, "Mutua!"

Wakati ule ule jogoo akawika karibu kabisa na kipaza sauti, na sindano ikaruka kwenye mstari mwekundu.

Mkono wangu uliinuka wenyewe. "Simameni!"

Wakasimama. Boma zima likasimama. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kiganja, na yule jogoo akawika tena kwenye kimya kile. Shivachi alikuwa anahema, jasho likimtiririka.

"Mama. Umefanya nini?"

"Jogoo ameharibu," nikasema. "Turudi mwanzo."

"Mwanzo gani? Huyu kijana tumemtoa nyumbani, tumefika naye katikati. Sasa umemwacha kwa barabala. Mtu anazikwanga mara mbiri?"

Nilivua visikizi. Katika kazi yangu nimezomewa na nimetupiwa chupa, lakini sijawahi kuona aibu mbele ya watu namna ile. Nilitaka kuomba radhi, na maneno yote niliyoyajua yalikuwa ya studio. Nilichoogopa wakati ule hakikuwa tena mwisho wa mwezi. Niliogopa kwamba nimemfanyia Mutua jambo lisiloweza kutengenezwa.

Wanaume watatu waliteta kidogo kwa lugha yao. Kisha Shivachi akanijia.

"Haturudi nyuma. Ataendelea kutoka hapo yuko. Lakini sisi hatuwezi kumwita, sisi hatukumsimamisha. Wewe ndiye ulimsimamisha. Muite wewe."

"Mutua," nikaita.

"Hiyo ni ya kuita mtu ako jikoni," mwanamke mmoja akasema, na wenzake wakaguna. "Huyu ameenda mbali, mama. Muite!"

Mimi si mwimbaji. Nilifumba macho, nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mutua!" Sauti ilikatika katikati kama kitambaa kibovu, na kabla haijaisha ngoma zikaidaka. Sikutazama sindano tena. Wanawake walinivuta kati yao, nikacheza nikilia, na viatu vyangu vya Nairobi sikujua vilibaki wapi. Tulimsindikiza Mutua mpaka ngoma kubwa ikapigwa pigo la mwisho.

Ndipo nilipokumbuka mtambo. Zakayo alikuwa bado amekaa kando yake. Hakuwa ameuzima. Magurudumu ya utepe yalikuwa yanazunguka tangu mwanzo, na yote yalikuwamo: jogoo, amri yangu, kile kimya, na sauti yangu iliyokatika. Hata minong'ono ya wale wanaume watatu.

Tuliondoka na mkungu wa ndizi na kuku wawili hai. Shivachi alitusindikiza mpaka njia panda, matofali yakimngoja.

"Mkiipiga huko kwenu," akasema, "msiweke jina ya mtu mwingine. Hii ni ya Mutua."

Njia ya kurudi, kuanzia Kisumu, Zakayo alikuwa akipiga vidole juu ya goti. Mwanzoni nilidhani ni mapigo ya isukuti. Baadaye nikatambua kwamba anatafuta mahali gitaa litakapopita kati yake. Hakusema kwamba anabaki, nami sikumuuliza.

Nairobi, studio, tuliufungulia utepe na vijana wakapiga juu yake, mtambo wa pili ukinasa yote pamoja. Utepe ulipofika kwenye amri yangu, Zakayo alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Kimya kilipita chote, pamoja na minong'ono na jogoo. Nilipoita, aliingia pamoja na ngoma, na gitaa lile la umeme lilipiga kelele ambayo hakuna mtu aliyemfundisha. Hakugeuka kumtafuta yeyote.

"Nzuri," mwenye studio akasema. "Sasa tukate pale katikati. Watu watadhani santuri imekwaruzika."

"Usikate."

"Mama Zena, wewe ndiye hukata kuliko wote."

Ni kweli. Miaka yangu yote niliamini kazi yangu ni kuondoa katika wimbo kila kisichotakiwa. Nilimweleza Mutua ni nani, na kwamba pale katikati ndipo yeye alipo. Nikamwambia kama atakata, basi santuri itoke bila sisi. Akaomba kuisikia tena. Baada ya kuisikia alizima mtambo mwenyewe, na santuri ilitoka nzima.

Haikuuzwa kupita zote, wala sikununua gari. Lakini Zakayo bado yuko, na yule mpiga dramu wa mikono mizito, baada ya kuisikia, ameanza kupiga kama mtu anayejua amekalia kiti cha nani. Bendi ipo.

Jumapili moja mchana, kabla vijana hawajapanda jukwaani, niliiweka santuri hiyo kwenye gramafoni ya ukumbi. Nilikuwa nimemwalika kaka yake Mutua kutoka Machakos, akawa amesimama karibu nami, kofia mkononi, hajui la kutarajia. Wachezaji walikuwa wanatoka jasho. Kwenye amri yangu ukumbi mzima uliganda, mikono hewani, maana walikuwa wameshaujua wimbo. Wakangoja ndani ya kile kimya. Kisha wote, wasichana wa sketi fupi na vijana wa suruali za kubana, ambao hawakuwahi kumwona, wakaita pamoja na mimi, "Mutua!"

Kaka yake alishtuka, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka wimbo ulipokwisha.

"Weka tena," akaniambia.

Nilisita. Nilianza kumweleza habari za Isukha, kwamba waliotupa ngoma zile walisema mtu hazikwi mara mbili, na kwamba jambo hilo hunisumbua kila ninapoigusa santuri.

"Mimi ndiye niliyemzika," akasema. "Nilishika jembe. Huku si kuzika, mama. Huku ni kumwita. Weka tena."

Nikarudisha sindano mwanzo.